Maharage Yasiyotiwa Chumvi

Nilipoanza kuvimba, watu walinipongeza.

Nasema kweli. Nilikuwa darasa la sita, shule ya msingi ya kule Uyole, Mbeya, mtoto mwembamba mwenye miguu kama vijiti vya kuchezea, na ghafla mashavu yakajaa. Mama mdogo mmoja alinishika kidevu pale sokoni mama alipokuwa akiuza viazi, akasema, "Sasa huyu ndiyo mtoto. Zamani ulikuwa unatutia aibu." Baba alikuwa dereva wa lori la mbao, akipakia Mafinga na kushusha popote alipotumwa, na nyumbani alikuja kama mgeni. Safari hiyo alinipiga picha kwa simu, akaitupa kwenye kundi la ukoo. Ndugu walinimwagia sifa mpaka simu ikaisha chaji. Baba mkubwa wa Iringa, kaka yake baba, aliandika kwamba hayo ndiyo matunda ya hewa safi na maziwa. Maziwa yenyewe tulikuwa tunayaona yakipita barabarani kwenye madumu.

Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri. Jioni viatu vilikuwa havitoki. Ukibonyeza mguu juu ya kifundo, kidole kinaacha shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Mkojo ulitoa povu. Nilimwambia mama habari ya povu, akaniambia niache kukojoa kwa fujo. Kwetu tunaogopa mtu anayekonda. Aliyekonda anaulizwa, anapimwa, anaombewa, jirani wanamnong'ona. Anayenenepa haulizwi kitu, anasifiwa tu. Ningekonda, wangenipeleka hospitali wiki ileile.

Aliyegundua kwamba naumwa hakuwa mtu mzima. Dawati letu lilikuwa la watu watatu. Katikati nilikaa mimi. Kulia kwangu alikaa msichana mrefu kuliko wote darasani, mwenye akili ya hesabu na mdomo usiojua kunyamaza. Kushoto alikaa binti wa mwenye duka la pale njia panda, mtoto wa Kiislamu ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na kuja kufia huku kwenye baridi. Huyu alizungumza kidogo na alicheka kwa mabega. Siku moja, mwalimu akiandika ubaoni, yule mrefu alinibonyeza mguu kwa kidole, akatazama lile shimo likichelewa kujaa.

"Wewe hujanenepa," alisema. "Wewe umejaa maji."

Jioni alikuja nyumbani peke yake, akasimama mlangoni, akamwamkia mama shikamoo, kisha akasema, "Mama, mwenzetu anaumwa. Mpelekeni hospitali." Mama alimjibu kwamba siku hizi watoto wanazaliwa na meno. Akamfukuza kwa utani. Lakini maneno yalimkaa, maana siku chache baadaye alifunga genge, akanishika mkono, tukaenda.

Daktari alikuwa dada mdogo mwenye haraka. Alieleza kwamba figo zangu zilikuwa zinavujisha kitu ambacho mwili ulikihitaji, kwa hiyo maji yalikuwa yanabaki mahali pasipo pake. Nilikaa wodini mpaka uvimbe ukashuka, nikapewa vidonge vyeupe vya kumeza muda mrefu, na amri moja aliyoirudia akiwa ameshika mlango: "Asile chumvi. Kabisa. Mmenisikia?" Tulimsikia. Nilitoka pale na uso wa mviringo ulioletwa na dawa, na njaa ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Vile vidonge vinakufanya utake kula mlango.

Baba alikuja, akaitisha kikao cha mtu mmoja. Alisema, "Safari ijayo akivimba anakwenda kwa kaka Iringa. Kule kuna nafasi, kuna mtu wa kumwangalia. Atarudia darasa. Basi." Baba alikuwa na ngumi nyepesi na "basi" nzito, na mama alijua zote mbili. Mimi nililia. Sikulilia figo. Nililia kwa sababu tulikuwa tumekubaliana, sisi watatu, kufanya mtihani wa darasa la saba tukiwa dawati moja, kupangiwa sekondari moja, na kulala bweni moja. Kwa mtoto wa umri ule hiyo ndiyo dunia nzima. Figo nilikuwa nazo mbili. Dawati lilikuwa moja.

Kwa hiyo nilishika masharti kama mtawa. Shuleni chakula cha mchana kilikuwa makande yenye chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki. Mama alinifungashia viazi vya kuchemsha, navyo vilikuwa vimepoa kabla ya mapumziko ya kwanza. Nilivila nyuma ya choo cha walimu ili nisisikie harufu ya jikoni. Baridi ya Uyole unaijua au huijui. Kiazi kilichopoa mwezi wa sita ni adhabu inayomezwa.

Yule mrefu alinifuata siku ya pili. Alitazama kiazi, akanitazama mimi, akaenda moja kwa moja kwa mpishi. Mpishi alikuwa mama mzito asiyependa kusumbuliwa. Alimwambia, "Nikipika sufuria mbili nitalipwa mara mbili?" Yule mrefu akajibu kwamba kuni na maharage watavileta wenyewe, na sufuria watasugua wenyewe, yeye awape tu pembe ya jiko. Mpishi akakubali ili aachwe.

Hivyo ndivyo sufuria ndogo ilivyoanza. Kila asubuhi wale wawili walikuja na vijiti vya kuni pamoja na daftari zao. Mmoja alileta maharage, mwingine alileta mahindi na ndimu kutoka dukani kwa baba yake, ili tuonje kitu ulimini. Na walikula pamoja nami. Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Makande ya shule yalikuwa palepale, yananukia, wana haki nayo, wazazi wao walichangia. Wao walikula ya kwangu yasiyo na ladha, wakikunja nyuso, wakicheka. Yule mrefu alisema maharage yetu yalikuwa na ladha ya kusubiri. Binti wa dukani alicheka kwa mabega mpaka akapaliwa.

Tatizo lilikuwa moja. Maharage hayaivi Mbeya. Mtu wa tambarare hatanielewa. Kwetu milimani maji huchemka upesi na hayapiki kitu. Maharage unayabandika asubuhi, mchana bado yanagonga meno, na kuni zikiwa mbichi ndiyo kabisa. Kila mwanamke wa kwetu anajua dawa yake: kipande cha magadi. Unakitia sufuriani, maharage yanalainika, na mchuzi unapata ladha fulani ya mviringo. Kila nyumba inatia. Nyumbani kwetu magadi yalikaa kwenye kopo juu ya rafu, jirani na majani ya chai, na hayakuwahi kuondoka hapo hata baada ya kopo la chumvi kufichwa.

Daktari alikataza chumvi. Magadi hakuyataja. Nadhani kwa madaktari yalikuwa kitu kinachojulikana, na kwetu yalikuwa kitu kisichohitaji kuulizwa.

Lakini yule mrefu aliuliza. Hili nalirudia kila ninapoisimulia habari hii, na watu huwa wanaliruka. Aliuliza. Binti wa dukani alikuwa ameleta kipande kwenye karatasi, na kabla hakijatiwa, yule mrefu alikwenda kwa mwalimu wa sayansi, aliyekuwa akiota jua ukutani na kikombe chake cha chai. Mimi nilisimama hatua chache nyuma.

"Mwalimu, samahani. Eti magadi ni chumvi?"

"Magadi ni magadi," alisema mwalimu. "Nenda kafagie."

Tukaenda kutia magadi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi, kabla na baada. Niliumwa vizuri, kama mtu anaweza kusema hivyo. Siku za kliniki walininakilia masomo. Watoto wa darasa la tano waliponiita Boga kwa sababu ya uso wangu, yule mrefu alimkunja mmoja wao kola na kumfundisha mboga nyingine. Nilipanda darasa la saba pamoja nao. Nilikuwa wa nne darasani, yeye wa kwanza, na binti wa dukani alikuwa anakuja nyuma yetu kimyakimya. Niliamini kabisa kwamba nitaufikia ule mtihani.

Kisha nikapata mafua, ya kawaida tu, nusu ya darasa ilikuwa nayo. Wiki hiyohiyo macho yakakataa kufunguka.

Wodini daktari yuleyule alimtaka mama amtajie kila kitu ninachokula. Mama alitaja viazi, ndizi, ugali, mboga. Mimi nikataja maharage ya shule na jinsi yanavyopikwa, kwa majivuno kabisa, nikidhani tutapongezwa. Daktari aliweka kalamu chini. "Magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja," alisema. "Mwili hauoni tofauti." Kisha akaongeza jambo la pili: kwamba ugonjwa huu una tabia ya kurudi wenyewe, mafua tu yanatosha kuuamsha, humrudia hata anayeshika masharti yote, magadi yangeweza kuongeza uvimbe, lakini hakuna anayeweza kusema ndiyo yaliyouleta. Alisema mambo mawili. La kwanza lilitoka nje ya wodi. La pili sijui lilibaki chini ya kitanda gani.

Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama mikono yake. Najua alikuwa anaona lile kopo juu ya rafu, na maharage ya jana, na ya juzi, na mlenda wa Jumapili. Sikumchukia wakati ule. Nilidhani atasema.

Baba alifika na vumbi la mbao kwenye nywele. Baba akiogopa alikuwa hawezi kuogopa kimya; lazima apatikane mtu. Alisimama miguuni pa kitanda, akauliza, "Nani kamlisha?"

Mama akasema, "Ni huko shuleni. Watoto wenzake wamekuwa wakimtilia magadi."

Nikasema, "Hata nyumbani tunatia, baba. Mama anatia kila siku."

"Anaweweseka huyu," mama alisema, na akanigusa paji la uso kama mtu anayepima homa. Sikuwa na homa. Mkono wake ulikuwa baridi.

Nilipotoka hospitali uvimbe haujaisha, baba hakunipeleka nyumbani kwanza. Alinipeleka shuleni, ili shule nzima ione. Nilisimamishwa mbele ya mstari wa asubuhi kando ya mlingoti wa bendera, uso umejaa, miguu ndani ya kandambili za baba kwa kuwa zangu hazikuingia. Mwalimu mkuu alihutubia. Alisema shule siyo hospitali, tena siyo hoteli, na wapo wanafunzi wanaojifanya madaktari. Akawaita wale wawili mbele. Mwalimu wa sayansi ndiye aliyepewa fimbo.

Yule mrefu hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile aliyojibia maswali ya hesabu, "Mwalimu, mimi nilikuuliza." Mwalimu akamwambia anyooshe mkono. Akasema tena, "Nilikuuliza, ukasema magadi ni magadi." Kwa hiyo alipata zaidi ya mwenzake, kwa kosa la kukumbuka.

Mimi nilipiga kelele. Nilisema nyumbani pia tunatia, nilisema waliuliza, nilisema daktari amesema ugonjwa unarudi wenyewe. Mwalimu mkuu alinigeukia, akaniambia kwa upole ambao mpaka leo ukinijia natamani kuvunja kitu, "Nyamaza, mama. Wewe unahurumiwa." Waswahili wanasema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Shuleni kwetu waliishia kwenye koma.

Mama alikuwa amesimama langoni na kapu lake. Hakuingia.

Habari ilishuka sokoni kabla ya saa nne. Walisema watoto wa shule wamemlisha mwenzao sumu, na sumu ilitoka duka la njia panda. Kwa muda watu walinunua sukari kwingine, kisha wakarudi, maana kule kwingine ilikuwa ghali. Yule baba wa dukani, mtu mpole ambaye hakuwahi kumnyima mtu pipi ya bure, alimhamisha binti yake kwenda kwa shangazi yake mtaa wa Soweto, Mbeya mjini, shule ya huko. Hakutuaga. Sidhani kama aliruhusiwa. Yule mrefu alibaki peke yake kwenye dawati la watu watatu, kwa sababu wazazi waliwakanya watoto wao wasikae naye wala wasipokee kitu mkononi mwake. Mtihani aliufanya hivyo. Nilisikia hakufaulu. Msichana wa kwanza darasani hakufaulu, na hakuna aliyeitwa mbele ya mstari kwa hilo.

Mimi nilipelekwa Iringa. Baba alinipakia kwenye kiti cha mbele cha lori, na njia nzima aliniambia jinsi alivyonitetea. Pale Mafinga tulisimama apakie mbao, akaninunulia ndizi, akazimenya mwenyewe. Alikuwa na furaha. Alikuwa amemaliza kazi ya mzazi.

Kwa baba mkubwa nililishwa vizuri. Mama mkubwa alipima kila kitu, magadi hayakupita mlangoni, na jirani walionipitia asubuhi walinisalimu "kamwene" kwa sauti ya kuongea na mgonjwa. Nilirudia darasa. Nilikaa dawati la mbele na watoto wapole ambao hawakuwahi kunibonyeza mguu. Ugonjwa ulirudi mara kadhaa, bila magadi, bila chumvi, bila marafiki, kama daktari alivyosema. Kila uliporudi nilitaka mtu ampigie simu mwalimu mkuu. Kisha ukachoka, ukaniacha. Nilipona. Watu hupenda kusikia hivyo, hunipigia makofi hasa makanisani. Mimi huona kwamba nilipona kama mtu aliyevushwa mto na wenzake, akageuka ng'ambo ya pili akakuta wanapigwa mawe.

Nilipokuwa mtu mzima, na baba ameshatangulia, nilimuuliza mama kwenye simu kwa nini hakusema. Nilimsikia akifunika sufuria. Kisha akasema, "Ulitaka baba yako aniue?" Lilikuwa jibu la kweli. Nilimjua baba. Wale wawili walipigwa viboko vya mikononi. Yeye angepigwa kitu kingine. Nilimwambia, "Basi ungesema baada ya yeye kufa." Akasema viazi vinaungua, akakata simu. Hatukuligusa tena mpaka naye alipofariki, mwaka jana.

Msiba uliwekwa Uyole. Nilikuta turubai limeshafungwa na wanawake wa mtaa wameshaingia kazini, maana kwetu msiba ukitangazwa hungoji kualikwa. Unachukua kanga ya pili na kisu, unakwenda. Niliingizwa ndani nikaketi mkekani na shangazi zangu. Mchana sinia zikaanza kuingia. Aliyezishika alikuwa mwanamke mrefu aliyeinama kupita mlangoni.

Nilimjua kabla hajainua uso. Alikuwa amekuja kumpikia marehemu mama yangu, amesugua sufuria tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi. Alipiga goti, akanipa pole, nikamwambia "ndaga", ndiyo asante ya kwetu. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kumwambia kwamba nilipiga kelele siku ile. Alikuwepo, alisikia, bado nilitaka kumwambia.

Akaanza kupakua. Alimpakulia shangazi wa kwanza wali na maharage, akampakulia wa pili, akamwongezea bibi mmoja aliyelalamika. Alipofika kwangu alimpa upawa binti aliyekuwa nyuma yake na kusema, "Huyu mpakulie wewe."

"Nipakulie mwenyewe," nilisema.

"Hapana, dada."

"Nimeshapona. Nakula kila kitu sasa."

"Najua. Nimefurahi." Na alikuwa amefurahi kweli, nilimwona usoni. "Usinifikirie vibaya. Siyo wewe tu. Hata wanangu, mmoja akiumwa, mimi sipiki. Namwita wifi anakuja kupika, mimi nakaa nje mpaka wamalize kula."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayekueleza mahali ndoo ilipo. Shangazi zangu waliendelea kula. Yule binti alinipakulia, nikashika sahani, na yule mrefu akainama tena mlangoni kwenda kuwapelekea wanaume chakula chao.